Maji kwa Mkono wa Kushoto

Nyabusozi, Biharamulo
11 Februari 2024

Mke wangu mdogo Jovina,

Mwangaluka. Najua huko kwa Wahangaza wameshakusahaulisha kuitikia salamu ya kwetu, basi chukua ya Kiswahili: hujambo? Sisi huku tuzima, ukiacha masikio yangu ambayo yameamua kustaafu kabla yangu. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika kifuani, na yule ng'ombe mwekundu uliyempa jina la Bi Harusi amezaa dume. Mdogo wako Magdalena ametimiza miaka minane, meno ya mbele yameng'oka, na anacheka bila kuziba mdomo. Mwezi uliopita mifupa ilimsumbua tena. Tukamnywesha maji mengi na dawa za maumivu kama mlivyoelekezwa zamani, akainuka. Ninyi wawili mmegawiwa damu moja ya sikoseli, basi nikimtazama akiugulia nakuona na wewe.

Magda ndiye masikio yangu sasa. Mgeni akija, anapanda juu ya kigoda, ananishika bega na kunirudishia maneno sikioni. Maneno yakiwa makali anayalainisha, nami najifanya sijui. Shangazi yako Verediana alipopiga simu ya Pancras, mwenye duka wa Nyakahura, niliiweka sikioni nikasikia nyuki tu. Ndiyo maana nakuandikia. Nilikuwa katibu wa chama cha pamba kule Shinyanga kabla hatujahamia huku kufuata malisho, kalamu hainitishi.

Sasa niambie, mwandiko wako umekuwaje? Barua yako ya Krismasi niliisoma kwa tabu, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Mwalimu wako alikuwa anapitisha daftari lako darasani wenzako waone mwandiko. Au cherehani ya shangazi uliyokwenda kujifunza imekula vidole?

Jingine siulizi, nalitaja tu. Bibi yako Nshoma tulimzika mwaka juzi, hukuja. Krismasi mbili zimepita, hukuja. Kutoka Ngara hadi Nyakahura si safari ya kulala njiani. Mimi sisemi neno. Ila kila pikipiki ikikata kona pale kwenye mkaratusi, nasimama nione imembeba nani.

Mumeo mzee,
Malongo


Ngara mjini
3 Machi 2024

Babu yangu, mume wangu mwenye wivu,

Shikamoo. Barua yako niliipata kwa kondakta wa basi, na mfuko wa michembe ya viazi nao ulifika, ingawa naona kondakta alionja. Niliichemsha siku hiyo hiyo nikaila na karanga, nikafumba macho, nikawa nyumbani. Huku wanakula ndizi asubuhi na jioni. Mume wa shangazi, mzee Juvenali, ananiambia Msukuma asiyependa ndizi atakufa njaa Ngara, namjibu kwamba Mhangaza asiyejua michembe amekufa zamani, hajazikwa tu. Tunacheka. Baridi ya huu mlima inaingia kwenye mifupa, lakini navaa sweta mbili na maji nakunywa. Kliniki naenda kila mwezi, ni karibu, nikitoka mlangoni kwa shangazi naiona.

Wiki iliyopita nesi alituuliza sisi wagonjwa wa sikoseli, nani anajua kwamba kiharusi kinaweza kumpata mtu kama sisi, hata mtoto? Hakuna aliyenyanyua mkono. Aline, rafiki yangu wa kliniki, akasema kiharusi ni cha wazee wenye presha. Mama mmoja akasema ni cha waliotupiwa kitu na maadui. Wengine wakacheka. Mimi nilikuwa natazama chini.

Mwandiko usikutie wasiwasi, ni hizi kalamu za siku hizi. Pasaka sitaweza kuja. Kuna nguo za watu, halafu barabara ina matope, halafu shangazi hataki niwe mbali na kliniki. Nitakuja, babu. Usiku mvua ikipiga bati namkumbuka bibi alivyokuwa akitufunika sote kwa kitenge kimoja na kusema mwenye miguu mirefu alale nayo nje. Nawakumbuka wote. Mwambie Magda anitunzie ndama.

Wako,
Jovina


Nyabusozi
21 Aprili 2024

Jovina,

Hujambo. Sisi tuzima. Barua yako ilikaa kwa Pancras muda mrefu. Mto ulijaa na pikipiki zilikuwa hazipiti, nami kwenda gulioni Nyakahura kwa miguu si umri wangu. Ndama wa Bi Harusi anaendelea vizuri. Mihogo tumeanza kuvuna.

Mwambie huyo nesi asiwatishe watoto. Kiharusi ni chetu sisi wazee, na nikikitaka nitakiita mwenyewe. Mwenye sikoseli anaumwa mifupa na kuishiwa damu, hayo ninayajua tangu uko mgongoni kwa marehemu mama yako.

Nimeona hutakuja. Sisemi neno.

Leo nina hasira na mdogo wako. Ameanza kiburi. Wiki hii nzima ananipa vitu kwa mkono wa kushoto. Juzi walikuja wazee wawili kuniona, Magda akapiga magoti kuwasalimia na kuwanyooshea mkono wa kushoto. Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye akaniletea maji ya kunywa, mkono ule ule. Nikamwambia, hayo sinywi mpaka yaje kwa mkono wa adabu. Akasimama ananitazama. Akahamisha kikombe kwenda mkono wa kulia, kikamtoka, maji yote chini. Nikajua amefanya makusudi, nikamgombeza mpaka akalia. Kiu nililala nayo, lakini adabu ni adabu, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Pia anaburuza ndala kwa kudeka. Kuna asubuhi aliamka mdomo mzito, maneno hayatoki vizuri, nikaona hata masikioni kwangu hataki kusema. Jirani yetu Domisiana akasema amelala vibaya, ni upepo, akampaka mafuta ya nyonyo. Mchana alikuwa anaongea.

Wewe ulikuwa unamweza. Mwandikie umkanye.

Malongo


Ngara
2 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za ng'ombe.

Magda hana kiburi. Mkono wake wa kulia umepoteza nguvu. Ni kiharusi, babu, kile ambacho nesi alituuliza. Barua yako nimeipata leo asubuhi, na ukihesabu siku tangu ulipoiandika utajua kwa nini sikungoja basi, nikaomba simu ya shangazi.

Nimempigia Pancras. Alinisikiliza kidogo akaniambia nikalale, pombe ya asubuhi ni mbaya, akakata. Sikumlaumu, nitakueleza sababu. Nimemtumia ujumbe wa maandishi, amejibu kwamba anakuja kwako leo hii kwa pikipiki. Kwa hiyo utakapoisoma barua hii mambo yatakuwa yameshatokea. Lakini ujumbe wa simu unakuambia nenda, haukuambii kwa nini, na wewe bila kwa nini huendi mahali.

Juni mwaka juzi nilikuwa napiga pasi nguo za shangazi. Kichwa kilikuwa kinaniuma sana tangu asubuhi. Pasi ikanitoka mkononi, ikaanguka na makaa yake. Nikataka kumwita shangazi, mdomo ukaenda upande, ikatoka sauti isiyo jina la mtu. Shangazi akadhani ni upepo, kama Domisiana anavyodhani. Akanipaka mafuta yale yale ya nyonyo, akanilaza, akasema asubuhi nitakuwa mzima. Asubuhi mguu nao ulikuwa umelala. Tulipofika hospitali daktari akasema ni kiharusi. Seli zetu zinajikunja kama mundu, zikikwama kwenye mshipa wa kichwani damu haipiti, basi. Hakuna mtu aliyenitupia kitu. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Mguu ulirudi. Mkono wa kulia haukurudi, umejikunja kifuani kama nimebeba kitu. Maneno yanatoka, ila polepole, moja moja, na watu wananimalizia sentensi ili waende zao. Pancras alichokisikia ndicho hicho. Cherehani sishoni, babu, sijaigusa tangu siku ile. Nachambua maharage ya shangazi na kuyauza naye sokoni. Barua hizi naziandika kwa kushoto.

Juma lile lile bibi alikuwa mahututi. Shangazi akasema tusikuongezee mzigo, tuseme ni homa ya kichwa. Bibi akazikwa nami niko kitandani siwezi kutamka jina lake. Baada ya hapo kila nilipotaka kukuambia niliiona siku yenyewe: ua umejaa wazee, mimi nimepiga magoti, nakunyooshea mkono wa kushoto, na wewe unatazama pembeni. Maji uliyoyakataa kwa Magda nimeyaota mara nyingi kabla hujayakataa. Katika ndoto mwenye kikombe ni mimi.

Basi sikuja. Siyo nguo za watu, siyo matope.

Siku ile kliniki sikunyanyua mkono kwa sababu wa kulia haunyanyuki, na wa kushoto niliuonea aibu. Sasa naunyanyua.

Usimwache Magda alale akisubiri kupoa. Mwambie afumbe macho anyanyue mikono yote miwili. Mwambie acheke. Mwambie akutajie jina lake sikioni. Kimoja kikienda upande, usimwulize Domisiana.

Jovina


Nyabusozi
19 Mei 2024

Mjukuu wangu Jovina,

Hujambo. Magda yupo, anakula. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua hutasoma salamu.

Pancras alifika siku ile ile uliyomwandikia, kabla ya jioni, akaniwekea simu mbele ya macho na kuyakuza maandishi. Nilicheka. Magda alikuwa uani anakimbiza kuku, mkono umerudi, maneno yamerudi. Nikamwambia Pancras mwambie Jovina kwamba mji umemharibu. Lakini ulikuwa umeandika tumnyanyulishe mikono macho yamefumbwa, na Pancras hakutaka kuondoka mpaka tufanye. Basi tukamwita tukamwambia ni mchezo. Akainyanyua yote miwili. Kisha wa kulia ukaanza kushuka peke yake, polepole, naye amefumba macho anatabasamu na pengo lake, anadhani yote miwili ipo juu.

Sitaisahau mpaka kaburini.

Domisiana alikuwa amekuja na mafuta yake. Akasema, "Mzee Malongo, huo ni upepo. Ugonjwa wa upepo haupendi sindano, ukimchoma mtoto harudi." Alisema polepole mbele ya uso wangu, nikamsoma mdomoni kila neno, na nilitamani ningekuwa nimefumba macho dakika ile. Nikamjibu, Domisiana, hata mimi niliamini hivyo tangu utoto wangu, lakini mkono nimeuona ukishuka. Tukapanda watatu, Pancras mbele, Magda katikati, mimi nyuma nimemshika mkono wa kulia njia nzima hadi Biharamulo mjini, kana kwamba utadondoka njiani.

Walimwekea maji ya mshipani na baadaye damu. Sindano alichomwa nyingi na amerudi. Daktari aliniandikia maneno yake kwenye karatasi nilipomwambia sisikii: kiharusi kilikuwa kidogo, kimemgusa kikamwachia, lakini kilichogusa mara moja hurudi, na kikirudi huenda kisiachie. Anatakiwa kumeza vidonge kila siku, na awe karibu na kliniki, siyo mahali ambapo mto ukijaa pikipiki hazipiti. Nikamwuliza kuna ndugu Ngara, je? Akaandika itafaa sana.

Pancras akasema tumpeleke moja kwa moja. Nikasema hapana, kwanza arudi akamwone ndama.

Sasa amemwona ndama na bado sijasema ndiyo. Nieleze basi wewe uliyesoma zaidi yangu. Bibi yako alikwenda. Baba yenu yuko machimboni na haandiki. Wewe ulikwenda. Huyu naye akienda, nani atapanda kigoda? Mtu atakuja hapa atachezesha midomo na mimi nitatikisa kichwa kama mjusi. Nampenda huyu mtoto na ninamhitaji, na sijui kipi kati ya hivyo viwili ndicho kinachomshikilia hapa.

Maneno yako kuhusu mkono wako nimeyasoma. Leo siwezi kuyajibu.

Malongo


Ngara
9 Juni 2024

Babu,

Shikamoo. Shangazi anakusalimu, na tangu aliponiona nikikuandikia ukweli analia kila akishika pasi. Mzee Juvenali ameshatengeneza kitanda cha pili chumbani kwangu. Huku kiangazi kimeanza, vumbi limerudi sokoni.

Wiki tatu nimesubiri useme ndiyo. Kila basi la Biharamulo likiingia stendi nashuka mlima kuangalia. Jana nilimwona mtoto mwenye gauni kama lake la bluu, nikakimbia kwa huu mguu wangu, akageuka, si yeye.

Jumamosi ijayo nakuja kumchukua. Ukikataa nitakaa hapo uani mpaka ukubali, na ujue sina haraka, siku hizi hata maneno yangu hayana. Kama unaona aibu juu ya mkono wangu, chagua saa ambayo wageni hawapo. Nitaelewa, sitanuna. Ila Magda nitaondoka naye.

Siogopi tena siku ile niliyokuwa naiogopa. Naogopa ya kwake.

Jovina


Nyabusozi
7 Julai 2024

Wake zangu wawili, Jovina na Magdalena,

Mwangaluka. Mahindi tumeyavuna na yapo ghalani. Ndama mmemwacha ananyonya, sasa ananusa majani. Pancras ananiletea chumvi mwenyewe siku hizi, nadhani anajisikia ndugu tangu ile safari yetu ya pikipiki. Shangazi yenu alituma ujumbe kwake kwamba Magda ameanza vidonge na amekataa ndizi. Nimemsifu.

Jovina, nilisema mambo ya mkono wako nitayajibu siku nyingine. Uliniona nilivyojibu siku uliyokuja kumchukua Magda, lakini wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, hukuona yote, basi nakuandikia.

Uliniambia nichague saa ambayo wageni hawapo. Mimi nikawaita. Wale wazee wawili niliwaita mwenyewe, na Domisiana nikamwita akae mbele. Ulipopiga magoti ukanyoosha mkono wa kushoto, niliona Domisiana anashika mdomo wake. Nikaupokea mkono wako kwa mikono yangu yote miwili. Kisha nikakuagiza maji. Sikuwa na kiu, nilikuwa nimetoka kunywa. Ukaenda, ukarudi na kikombe kwa mkono wako ulio mzima, nikanywa mpaka chini wazee wakiniangalia, nikageuza kikombe waone hakina kitu. Nilikuwa nayanywa na yale ya Magda.

Kitu kingine hujui. Usiku ule tulipokaa na kuongea, ulikuwa unaona haya kwa sababu maneno yako yanachelewa. Kila ulipokwama ulisema samahani. Jovina, watu wote wa dunia hii wanayakimbiza maneno, yananipita kama ng'ombe wanaokwenda mnadani, nabaki na vumbi. Wewe unayaleta moja moja, unaliweka, nalitazama mdomoni, nalichukua, ndipo unaleta jingine. Magda alilala mapema na kigoda kikabaki tupu, nami nikayasikia yote. Ya bibi yako niliyasikia, ya pasi niliyasikia, hata ule utani wako mbaya juu ya ndizi. Ni miaka mingi sijaongea na mtu usiku mzima. Miaka miwili umeificha sauti ambayo mzee wako angeisikia kuliko zote.

Asubuhi nikasema ndiyo, kwa sababu ningesema nini kingine. Magda alinipandia kigoda mara ya mwisho akaniambia sikioni kwamba atarudi mto ukipungua, nami nilijua mto umeshapungua. Nikasimama pale kwenye mkaratusi mpaka vumbi la pikipiki likaisha.

Kliniki nenda naye kila mwezi. Maji anywe. Akianza kukupa kitu kwa mkono wa kushoto, usimgombeze, mkimbize hospitali. Na mkiwaona wazazi wengine huko wanaosema ni upepo, msiwacheke, waambieni polepole, kama unavyosema wewe.

Wageni wakija natikisa kichwa kama nilivyokuambia. Kigoda sijakiondoa.

Jioni hii nilijichotea maji mwenyewe. Nikajikuta nimeshika kikombe kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado umeshika kata. Niligeuka haraka kuangalia nani ameniona, na uani hapakuwa na mtu.

Mume wenu wa Nyabusozi,
Malongo